Kutenganisha Kilichomo Kikombeni: Hotuba kwa Wauzaji na Wanywaji wa Kahawa wa Tanga

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, shikamooni. Kina mama wa kashata, vijana wa mabuli, wahudumu wa migahawa, na ninyi mnaokunywa kahawa bila kuiuza, nawasalimu nyote kwa heshima, na nawashukuru kwa kukubali kuketi ukumbini saa hii, ambayo kwa desturi ya Tanga ni saa ya kuwa kijiweni.

Nimeombwa nizungumzie namna mtu anavyojifunza kuonja kahawa na kuieleza. Nililo nalo la kusema ni moja, na mengine yote yatalifuata hilo: kuonja ni kutenganisha. Kikombe hufika mdomoni kikiwa na mambo mengi kwa pamoja, yaani joto, uchungu, uchachu, harufu, uzito, pamoja na mapenzi yetu kwa aliyeitengeneza au kinyongo chetu kwake, na asiyejifunza huyapokea yote kama jambo moja, kisha hutoa hukumu kwamba kahawa ni nzuri au si nzuri. Aliyejifunza hana ulimi wa ajabu. Ana mazoea tu ya kuuliza swali moja baada ya jingine, na ya kuchelewesha hukumu mpaka maswali yaishe.

Sikilizeni mazungumzo ya kijiweni. Mteja akisema kwamba kahawa ya leo ni kali, huenda anamaanisha kwamba unga ni mwingi kuliko maji. Huenda buni ziliungua wakati wa kukaangwa. Huenda tangawizi imezidi. Na huenda alikunywa vikombe viwili jana usiku akakosa usingizi, na sasa anailaumu kahawa nzima. Haya ni mambo manne, na kila moja lina dawa yake. Muuzaji anayesikia lalamiko hilo na kukimbilia kuongeza maji, ilhali kilichoharibika ni mkaango, atauza kahawa iliyoungua na iliyo nyepesi kwa wakati mmoja, na mteja atahamia kijiwe cha pili bila kueleza sababu, kwa kuwa hata yeye mwenyewe haijui vizuri.

Yupo atakayesema kwamba mambo ya waonjaji ni ya Moshi na ya Ulaya, na kwamba sisi wa pwani yatuhusu kunywa tu. Kahawa ya nchi hii imekuwa ikinadiwa Moshi kwa miaka mingi, na kabla ya mnada wanunuzi huchukua sampuli, wakazikaanga na kuzionja, ndipo wanapojua wapande hadi bei gani. Herufi zinazopigwa kwenye magunia, kama vile AA, A, B na PB, hazisemi lolote kuhusu ladha. AA ni punje kubwa, zile zinazobaki juu ya chekeche yenye matundu ya upana wa milimita 7 na kidogo. PB ni punje za mviringo, zinazopatikana pale tunda linapobeba mbegu moja badala ya mbili. Gunia la AA linaweza kuwa limebeba kahawa iliyochacha, na gunia la punje ndogo likabeba kahawa ya kupendeza mno. Ladha hujulikana mdomoni, kisha huandikwa kwa maneno, na bei hufuata maneno hayo; kwa hiyo mkulima wa Mbinga au wa Rombo asiyeonja kahawa yake mwenyewe hupokea bei iliyotokana na maelezo ambayo hakuyasikia na hawezi kuyapinga. Nasi Tanga si wageni wa jambo hili. Magunia ya kahawa kutoka bara yamepita katika bandari yetu kwa miongo mingi, na milima ya Usambara inayotutazama kutoka magharibi ina mibuni tangu enzi za Wajerumani, kabla mkonge na chai havijachukua nafasi kubwa zaidi.

Tuanze na pua, kwa kuwa ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi na ndiyo inayonyimwa sifa. Nawaomba mjaribu jambo moja mkifika nyumbani. Chukueni kipande cha kashata yenye iliki, zibeni pua kwa vidole viwili, kisha mtie kashata mdomoni na kuitafuna taratibu. Mtapata utamu wa sukari na mtahisi chicha za nazi zikisagika kwenye magego, lakini iliki hamtaipata. Endeleeni kutafuna bila kumeza, halafu achieni pua na mtoe pumzi: iliki itajitokeza mara moja, na mtu ataapa kwamba iko kwenye ulimi. Haiko hapo. Ulimi una ladha chache unazozitambua, nazo ni utamu, uchachu, uchungu, chumvi, na ile ya tano inayopatikana kwenye supu nzito ya nyama au ya dagaa, ambayo dunia imeazima jina lake la Kijapani, umami. Mengine yote tunayoyaita ladha, iwe ni iliki, chungwa, karanga, udongo au moshi, hupanda na hewa kutoka nyuma ya kinywa hadi puani. Katika kahawa iliyokaangwa wanasayansi wamekwisha kutambua zaidi ya aina 800 za kemikali zinazoruka na hewa kwa namna hiyo, ingawa si zote zenye nguvu ya kutosha kunuswa na binadamu.

Hapo hapo niitoe njiani picha moja ambayo wengi tuliisoma shuleni, ile inayougawa ulimi kama ramani, utamu ukiwa kwenye ncha, uchungu ukiwa nyuma na uchachu pembeni. Picha hiyo ilitokana na kusomwa vibaya kwa utafiti wa Mjerumani mmoja wa mwaka 1901, na si kweli. Sehemu zote za ulimi zenye vionjio hutambua ladha zote, na tofauti kati ya sehemu moja na nyingine ni ndogo sana. Mwonjaji anayejaribu kuisukuma kahawa kwenye kona fulani ya mdomo anajichosha bure.

Tangawizi na pilipili manga zina njia yao ya tatu. Ule moto wake haupiti kwenye ladha wala kwenye harufu, bali huamsha mishipa ya fahamu inayotambua joto na maumivu, na ndiyo maana mtu aliyezibwa pua na mafua bado huihisi tangawizi ikimwasha koo ilhali haisikii iliki hata kidogo. Kahawa yetu ya buli hukaa juu ya mkaa kwa muda mrefu. Harufu zake nyepesi huondoka na mvuke mapema, uchungu na uzito hubaki, na iliki na tangawizi huja kujaza nafasi iliyoachwa wazi. Sisemi hivyo ili kuidharau. Ni kinywaji kilichokamilika kwa njia yake, na mimi mwenyewe nakipenda kuliko vinywaji vingi vinavyouzwa kwa bei ya kutisha katika migahawa yenye viyoyozi. Nasema hivyo ili ieleweke kwamba anayetaka kujifunza buni yenyewe hawezi kujifunzia kwenye buli, kwa kuwa buli limekwisha kumwamulia mengi.

Sasa nije kwenye uchachu, ambao kwa watu wa pwani ndio mgumu kuliko yote. Nitauita ugwadu, ili tusiuchanganye na kuchacha, ambako ni kasoro nitakayoizungumzia baadaye. Wengi wetu tukiukuta ugwadu kwenye kahawa hudhani imeharibika, kwa kuwa kahawa tuliyokulia haina. Buni mbichi ina asidi za aina kadhaa, ikiwamo sitriki, ambayo ndiyo ya ndimu, na maliki, ambayo ndiyo ya tufaha, na asidi hizi hupungua kadiri buni zinavyozidi kukaangwa. Buni zinazofikishwa kwenye weusi unaong'aa mafuta huwa zimepoteza sehemu kubwa ya asidi hizo, na badala yake zimepata uchungu. Kwa hiyo ugwadu katika kahawa ya Arabika iliyolimwa juu milimani na kukaangwa kwa kiasi ni dalili ya kitu kilichohifadhiwa, na wanunuzi wengi wa nje huulipia.

Njia ya kuuzoea ni kuukuta kwanza nje ya kahawa. Wekeni mezani glasi nne za maji. Ya kwanza itiwe matone ya ndimu, ya pili siki kidogo, ya tatu ukwaju uliochujwa, na ya nne maji ya chungwa la Muheza lililoiva. Onjeni bila haraka, na msitafute jina, tafuteni mwendo. Ndimu huingia mara moja, hukusanya mate mashavuni, kisha huondoka na kuuacha mdomo safi. Siki hupanda puani kabla haijafika kooni. Ukwaju huja polepole, hukaa, na huuacha ulimi mkavu kidogo. Chungwa lina ugwadu pia, ila sukari yake imeufunika kiasi kwamba mtu huusahau mpaka aulizwe. Baada ya hapo rudini kwenye ile glasi ya ndimu, mtie sukari kidogo kidogo mkionja kila mara, na mtaona ugwadu ukishuka ingawa ndimu haikupungua hata tone. Hapo ndipo mtaelewa kwa nini waonjaji huuliza juu ya uwiano, yaani kama ugwadu, utamu na uchungu vimeshikana au kimoja kinawakanyaga wenzake. Anayepitisha jioni moja tu na glasi hizo nne atapata faida kubwa kuliko anayesoma kitabu kizima kuhusu kahawa, na hilo nalisema nikiwa mtu anayevipenda vitabu.

Juu ya uchungu sitakaa sana, kwa sababu sisi tunaujua. Niseme tu kwamba kafeini huchangia sehemu ndogo ya uchungu wa kahawa, na ushahidi ni kwamba kahawa iliyoondolewa kafeini bado ni chungu. Sehemu kubwa huzaliwa kwenye kikaango. Swali la mwonjaji ni uchungu wa namna gani. Upo wa ganda la balungi, ambao ni mkavu na hauchukizi. Upo wa ukoko wa wali uliopita kiasi, wenye majivu ndani yake. Na upo wa mwarobaini, unaoshuka kooni na kukataa kuondoka. Anayeweza kuutaja ni upi kati ya hiyo amekwisha kumsaidia mkaangaji kujua azime moto mapema kiasi gani.

Kuna hisia mbili ambazo si ladha wala harufu, nazo huchanganywa na uchungu karibu na kila mtu. Ya kwanza ni ukakasi, ule mkwaruzo unaoukausha ulimi unapokula bibo au ndizi mbichi. Katika kahawa hutokea mara nyingi pale matunda yalipochumwa kabla ya kuiva, au unga ulipokamuliwa na maji ya moto kwa muda mrefu mno. Ya pili ni uzito. Mpishi yeyote wa hapa Tanga anaujua bila kufundishwa, kwa kuwa anajua tofauti ya tui la kwanza na tui la mwisho hata akifumbwa macho. Kahawa mbili zinaweza kutengenezwa kwa vipimo sawasawa, moja ikapita mdomoni kama maji na nyingine ikaulalia ulimi.

Kasoro ndizo ninazotaka tuzikalie zaidi, kwa sababu naamini mafunzo mengi ya kuonja huanzia mahali pasipofaa. Mwanafunzi huanzishwa na maua na matunda, akaambiwa atafute asumini ndani ya kikombe, na asipoiona hukata tamaa au, vibaya zaidi, hujifunza kusema uongo. Harufu mbaya hutambulika upesi zaidi, watu hupatana juu yake kwa urahisi zaidi, na ndiyo inayomgharimu mkulima na muuzaji fedha. Sisi tuliokulia karibu na soko la samaki tunatofautisha shombo na vumba, na uvundo na ukungu, bila kufikiri. Pua yenye mafunzo hayo haihitaji kuogopa kikombe cha kahawa.

Kahawa iliyochacha hunuka kama tunda lililooza au pombe ya jana, na hutokana na matunda kurundikwa kwa muda mrefu kabla ya kumenywa, au kuvundikwa kwenye matangi kupita kiasi. Kahawa yenye ukungu hunuka kama gunia lililolowa likakaushwa ndani ya nyumba, na hutokana na ukaushaji mbaya au na kulowa tena ghalani. Buni mbichi zinatakiwa zikaushwe hadi unyevu wake uwe kama asilimia 11 au 12, na zikiachwa na unyevu mwingi zaidi ya hapo zimekaribisha ukungu. Kahawa yenye udongo ni ile iliyoanikwa chini badala ya kwenye vichanja, au iliyookotwa chini ya miti. Kahawa iliyozeeka baada ya kukaangwa hunuka kama nazi iliyoharibika au mafuta ya kukaangia yaliyotumiwa mara nyingi, kwa sababu mafuta yaliyomo ndani ya punje yamekutana na hewa kwa muda mrefu.

Hapa kwetu kuna kasoro nyingine ambayo mkulima hana hatia nayo. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na buni, ziwe mbichi au zilizokaangwa, hunyonya unyevu na harufu za jirani zake. Nimeingia katika duka moja la mjini, ambalo sitalitaja, nikaona gunia la buni limeegemezwa kwenye viroba vya dagaa, na mwenye duka akishangaa kwa nini wateja wameanza kulalamika. Hakuna mkaango utakaoiondoa shombo ile. Buni zikae juu ya chaga, mbali na ukuta, mbali na vitunguu, sabuni, mafuta ya taa na dagaa. Na zilizokaangwa zikae kwenye chombo chenye kifuniko kinachobana, zikasagwa kidogo kidogo kwa kadiri ya mauzo ya siku.

Kuhusu utaratibu wa mezani nitakuwa mfupi, kwa kuwa tutaufanya wenyewe baada ya muda mchache. Waonjaji wa kazi hiyo hutumia gramu 8.25 za unga kwa mililita 150 za maji, nao hutaka vikombe vya ukubwa mmoja. Mizani ya sonara hupima kiasi hicho bila shida. Maji yawe kama nyuzi joto 93 za Selsiasi. Hapa usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100, kwa hiyo mnayaepua na kusubiri kidogo, lakini ndugu zetu wa Lushoto, walio zaidi ya mita 1,300 juu yetu, maji yao huchemka karibu na nyuzi 95, nao wanaweza kumimina mara tu baada ya kuepua. Nuseni unga mkavu kwanza. Mimineni maji juu yake bila kuchuja, subirini dakika 4, kisha vunjeni utando uliojitanda juu kwa mgongo wa kijiko, pua ikiwa karibu kabisa na kikombe, kwa maana harufu inayotoka wakati huo hairudi. Ondoeni povu, na ngojeni kahawa ipoe kiasi cha kutounguza.

Halafu vuteni kijiko kimoja kwa kishindo. Najua tumelelewa kwamba kunywa kwa sauti ni utovu wa adabu, na nawaomba wazee watusamehe kwa jioni hii, kwa sababu sauti ile ni ya hewa inayotawanya kahawa mdomo mzima na kuipeleka harufu nyuma ya pua. Mnaweza kutema. Msiishie kwenye kahawa ya moto, kwani moto huficha mengi. Ugwadu na utamu huonekana wazi zaidi kahawa inapokuwa vuguvugu, na kasoro nyingi hujitangaza kikombe kikishapoa, wakati ambapo mnywaji wa kawaida amekwisha kwenda zake. Siku ya kuonja msijifukize udi, msijipake manukato, wala msivae kikuba cha asumini, hata kama mnatoka harusini. Na kashata ije baada ya kahawa, kwa kuwa mdomo uliokwisha kuzoea sukari huiona kahawa ikiwa chungu na gwadu kuliko ilivyo.

Sasa maneno. Mwaka 1995 chama cha wafanyabiashara wa kahawa bora cha Marekani kilichapisha duara la ladha, mchoro unaoanza na makundi makubwa katikati na kutawanyika kuelekea pembezoni kwenye ladha mahususi, nao ulifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2016. Ni chombo kizuri, na sababu ya uzuri wake haiko kwenye orodha ya majina bali kwenye mpangilio: kinamfundisha mtu aseme kwanza jambo pana analolihakikisha, kama vile tunda, kisha tunda gwadu, kisha, akiweza, tunda lenyewe. Tatizo ni kwamba majina mengi ya pembezoni ni ya matunda madogo madogo ya nchi za baridi, ambayo kijana wa Chumbageni hajayaona, na nimesikia vijana wakiyataja kwa ufasaha mkubwa bila kuwa wameyala hata mara moja. Huko si kuonja, ni kukariri. Jina la ladha lina thamani pale tu msemaji anapoweza kuutoa mfano wake na kuuweka mezani. Tunayo zambarau, bungo, ubuyu, ukwaju, chenza, danzi, stafeli na fenesi. Tunayo karafuu, mdalasini na iliki kutoka Amani na vijiji vya Muheza. Tunayo karanga za kukaanga, sukari guru, asali na ubani. Anayesema kwamba kikombe kinamkumbusha zambarau, akaileta zambarau wenzake wakanusa, amesema jambo linaloweza kukubaliwa au kukataliwa.

Hata hivyo, sikubaliani na wale wanaosema tulitupilie mbali duara la wageni. Mnunuzi aliyeko Hamburg haijui zambarau, kama sisi tusivyoyajua matunda yake, na anayetaka kumuuzia lazima ajifunze lugha yake pia. Utaratibu ndio ninaousisitiza: hisia kwanza, mfano wa karibu wa pili, jina la sokoni mwisho.

Maelezo yenyewe yafuate mwendo wa kikombe, kwa sentensi kamili, na yasipambwe. Kwa Arabika ya Kilimanjaro iliyooshwa, yaani iliyomenywa na kuoshwa kabla ya kukaushwa, kisha ikakaangwa kiasi, mtu anaweza kuandika hivi: unga mkavu una harufu ya sukari guru, ugwadu huingia mapema na ni wa aina ya chungwa zaidi kuliko ndimu, uzito ni wa kati, uchungu ni mdogo na unakuja mwishoni, baada ya kumeza mdomo unabaki safi. Kwa Robusta ya Kagera, ambayo ni jamii nyingine ya mbuni, iliyokaushwa na maganda yake, angeandika kwamba ugwadu karibu haupo, uzito ni mkubwa, kuna karanga zilizokaangwa na harufu ya mti mkavu, na uchungu hukaa muda mrefu. Angalieni kwamba hakuna sentensi hata moja iliyosema ipi ni bora. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya Arabika, na wapo wanaoitaka kwa sababu hiyo hasa, na kwa uzito wake. Maelezo ya pili yanamsaidia mteja huyo aipate.

Naijua hoja inayosubiri nyuma ya ukumbi, kwamba kila mtu na ladha yake. Kupenda ni kwa kila mtu, hilo halina ubishi. Lakini kuwepo kwa ukungu ndani ya kikombe hakutegemei mapenzi ya mtu, kama vile kuzidi kwa chumvi kwenye mchuzi kusivyotegemea. Ni kweli pia kwamba miili yetu hatukuumbwa sawa. Wapo watu ambao kwa kurithi huuhisi uchungu wa aina fulani kwa nguvu kuliko wenzao, na ndiyo maana kazi hii haifai kufanywa na mtu mmoja. Mtu mmoja hutoa maoni. Watu watano wanaoandika bila kutazamana, wakakuta wanne wameandika jambo lile lile, wana kitu cha kumpelekea mkulima au mkaangaji.

Kwa hiyo mazoezi yetu ya leo hayataanza na majina kabisa. Mbele ya kila kundi mtakuta vikombe vitatu, viwili vikiwa na kahawa moja na cha tatu kikiwa na nyingine, na kazi ni kukitoa kile kilicho tofauti. Alama iko chini ya kikombe. Waonjaji wanaoshindana kimataifa hupewa seti 8 za namna hii, sisi tutaanza na tatu. Anayebahatisha atapata seti moja kati ya tatu kwa wastani, basi asiyezidi hapo asivunjike moyo wala asijisifu. Ukishakitenga, andika sentensi moja tu inayosema tofauti iko wapi: kwenye ugwadu, uchungu, uzito au harufu. Andikeni kimya, na karatasi zikusanywe kabla mtu hajafungua mdomo, kwa sababu mwenye heshima akitamka tu kwamba ameonja chungwa, meza nzima itaonja chungwa. Kwa hiyo nawaomba wazee wetu, kwa adabu zote, karatasi zenu ndizo zisomwe za mwisho.